Isale Nililolipanda Kwenye Njia Yako

Manka mwanangu,

Ng'ombe hakuwa na njaa jana. Nianze na hilo, maana najua umelala nalo. Nilipoinuka pale kwenye viti vya sherehe ya kukuaga, watu wanapiga makofi, nikakwambia ng'ombe anataka majani, ulinitazama ukajua nadanganya. Yule ng'ombe alikuwa ameshiba tangu mchana, amelala anacheua, na aliponiona naingia zizini na kitenge kipya aligeuza shingo akanishangaa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia kwa hasira. Usidhani ni uchungu wa kuagana. Huo naujua, nilikuwa nao ulipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam. Wa jana ulikuwa wivu, mwanangu, wivu mtupu, na leo nimeamua kuutaja kwa jina lake.

Mambo ya sweta na vidonge, na pasi ya kusafiria isiwekwe kwenye begi la chini, shangazi yako amekuimbia mpaka umechoka. Mimi sitaongeza. Nina maneno ambayo ilikuwa niyaseme jana mbele ya watu, mchungaji alipoita "sasa mama mzazi" na kiti changu kikawa kitupu. Baba yako ikabidi aseme ya wote wawili, na unamjua baba yako, akisema "tunashukuru" na "Amina" keshahutubia.

Ilikuwa hivi. Mjomba wako, pombe ya mbege imeshamkolea, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Manka, hiyo milipuko ya angani unayokwenda kuiwinda Namibia, siku ukinasa mmoja utampigia nani simu kwanza?" Hukufikiri hata kidogo. Ukasema, "Mwalimu Ndeshi. Ataelewa."

Watu wakampigia makofi Ndeshi. Naye, kwa ile adabu yake inayoniudhi, akainamisha kichwa na kufuta miwani. Mimi nikaenda kwa ng'ombe.

Ataelewa! Nimelala nalo neno hilo, nimeamka nalo, nimelikamulia maziwa. Ataelewa kitu gani ambacho mimi siwezi kukielewa? Hukusema ubaya, najua. Ulisema kama mtu anavyosema maji yanatoka juu mlimani. Ndiyo maana iliniuma.

Wewe umemjua Ndeshi akiwa Mwalimu Ndeshi, mwenye miwani na saa ya mkononi. Mimi nimemjua akiwa Ndeshi wa kamasi, tunakaa dawati moja, tunapokezana kalamu ya risasi. Siku za zamu ya maji ya mfereji, baba zetu walikuwa wanatutuma alfajiri tukalinde maji yasigeuzwe na watu wa bondeni. Tulikuwa tunatandika majani ya mgomba, tunalala chali tunaangalia juu kukiwa bado giza. Kimondo kikipita, Ndeshi alikuwa anauliza kimetoka wapi. Mimi nilikuwa nauliza kimekwenda wapi. Tulibishana hivyo mpaka kunakucha, na mara moja watu wa bondeni walitugeuzia maji tukibishana, tukachapwa wote wawili.

Tulimaliza kidato cha nne, tukafaulu wote. Hapo ndipo watu huwa hawaniamini. Yeye akaenda kidato cha tano, mimi nikaenda kwa baba yako. Usitafute wa kumlaumu, hayupo. Hakuna aliyenifunga kamba. Baba yako alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, shingo imesimama, shati limenyooka, nami nilikuwa nimependa mpaka masikio yameziba. Nilijiambia mbingu zipo siku zote, zitakwenda wapi, nitazikuta. Nikazaa, nikapalilia kahawa ya mama mkwe, nikakata majani ya ng'ombe. Na sijutii kukuzaa wala kumpata baba yako. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kupenda maisha yake na bado akawa na donge kooni. Hayo mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana, mpaka jirani ahamie.

Maana Ndeshi aliolewa boma la jirani! Mlima wote huu, kuanzia Siha hadi Rombo, Ruwa, Mungu wetu, akaona amlete hapo, ng'ambo ya masale yetu ya mpakani. Akawa mwalimu wa fizikia pale sekondari. Wanawe wawili wakakataa shule, wakakimbilia Arusha kuuza vipuri vya magari, biashara zilipofunguliwa na kila kijana akaona dunia iko dukani. Akabaki na vitabu vyake na nyumba kubwa. Nawe ukaingia kidato cha pili, ukauona ule upenyo kwenye uzio.

Unaukumbuka upenyo? Pale masale yalipokufa, kati ya mgomba wa mshare na ule mti wa kahawa wa bibi yako. Ulianza kupita hapo jioni kwenda kufundishwa. Mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa nakutuma na maziwa, nawe unarudi na chupa tupu na kichwa kilichojaa. Halafu ikaanza: Mwalimu amesema. Mwalimu amesema nyota tunazoziona ni mwanga wa zamani. Mwalimu amesema kuna mwanga ambao macho ya mtu hayauoni. Nikikupakulia kiburu, ndizi zangu na maharage, unaniambia Mwalimu anatia nazi. Nazi! Kwenye kiburu! Manka, siku ile nilikaribia kukumwagia chungu.

Baba yako akaniambia, "Mama Manka, wivu utakukondesha." Nikamjibu kwamba sina wivu, nina wasiwasi na masomo yako. Masomo yako! Ulikuwa wa kwanza darasani.

Kuna jioni moja ya masika, mvua inapiga bati hata hatusikizani, ukatuhadithia habari za ile milipuko ya miale ya gama. Ulisimama kabisa, kijiko mkononi. Ukasema mataifa makubwa yalirusha setilaiti zao kuchungulia nani anajaribu mabomu kwa siri, na setilaiti hizo zikaona mweko mkali ajabu. Kumbe haukuwa wa bomu la mtu. Ulikuwa umetoka nje huko, mbali kuliko nyota zote tunazoziona, na katika sekunde chache ulitoa nguvu ambayo jua letu halitaitoa maisha yake yote. Baba yako akauliza, "Sasa aliyelipua ni nani?" Ukacheka, ukamwambia ni nyota kubwa inayokufa, inajiporomokea yenyewe. Mimi nilikuwa na swali langu. Nilitaka kuuliza: ukishapita, umekwenda wapi? Hauachi kitu? Nikafungua mdomo, nawe ukasema, "Mwalimu ndiye anayejua zaidi, nitamuuliza kesho." Nikameza swali pamoja na ndizi.

Kesho yake nilipanda isale.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua isale ni nini, lakini acha niandike, huenda siku moja mjukuu wangu aliyezaliwa huko atasoma barua hii. Isale, mmea wetu wa majani marefu, ndilo linalosema shamba langu linaishia hapa, lako linaanzia pale. Mtu akikukosea akakuletea jani lake amelifunga fundo, unamsamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Na likishapandwa mpakani haling'olewi. Hata mlevi haling'oi. Likipandwa, wanapaswa kusimama wenye mashamba wote wawili na wazee waone. Mimi nililipanda peke yangu asubuhi, wewe uko shuleni, Ndeshi yuko shuleni, mchana kweupe kama mwizi asiye na aibu. Nikachimba katikati ya upenyo, nikashindilia kwa kisigino. Nilichukua mmea wa amani nikaufanya kufuli.

Uliporudi ulisimama pale na madaftari yako. Ukaniambia tu, "Mama, njia imeota mti." Nikasema mpaka ulikuwa wazi, mbuzi wanapita. Ukazunguka kwa barabara, na tangu siku ile mpaka unamaliza shule ulikuwa unazunguka, na matope ya masika mpaka magotini. Hukunilaumu hata siku moja, nami nilikuwa nakuangalia unavyoosha miguu pale kwenye jiwe, natamani unilaumu ili nipate cha kujibu.

Na Ndeshi? Ndeshi aliona. Nilimsubiri aje agombe, nimeshajiandaa na maneno, nimeyapanga vizuri. Hakuja. Akawa ananisalimia juu ya uzio, "Habari za asubuhi, Mama Manka," basi. Zamani alikuwa ananiita kwa jina langu.

Ikaja Januari, jua linapasua ardhi, mfereji umekauka. Nikajisemea, haya, isale lenyewe litajifia, Mungu amelimaliza shauri. Naenda kutazama, nakuta udongo wake umelowa. Kuna mtu analimwagilia kutoka upande wa pili! Ndeshi, na shida ile ya maji, analinywesha isale nililompandia usoni. Unafikiri nilitubu? Yeuwi, nilichemka. Nikamwambia baba yako, "Unaona? Mtoto kachukua, sasa anataka na isale langu." Tangu siku hiyo nami nikawa nalimwagilia upande wangu, asubuhi, asije akasema ni lake. Ndiyo maana limekuwa kubwa kuliko yote kwenye mpaka mzima. Wageni wanalisifu.

Sasa nikupe siri. Yale magazeti ya sayansi aliyokuwa anakuazima Ndeshi, yale ya Kiingereza yenye picha, nilikuwa nayasoma. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa jikoni nachemsha ndizi za mbege, nikikwambia usiingie kuna moshi? Nilikuwa na gazeti kwenye mapaja na ile kamusi yako yenye gamba lililong'oka. Ukiingia naliweka chini ya ungo. Lile doa la mafuta kwenye picha ya shimo jeusi ulilomwomba Mwalimu msamaha, ukasema ni la taa yako, ni langu. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kimeota kutu, ukurasa mmoja nilikuwa naukamua wiki nzima. Lakini nilikuwa nataka siku moja useme "Mwalimu amesema", nami niseme, "Ndiyo, na zaidi ya hapo..." Siku hiyo haikufika. Kila nikitaka kusema, naona utanishangaa, na mshangao wako ungeniuma kuliko kunyamaza.

Humo ndimo nililikuta jibu la swali langu. Mlipuko ukishapita unaacha mwanga, unaofifia siku baada ya siku, na wenye darubini za kawaida wakiwahi wanaukuta, na kwa huo ndipo walipojua umbali wake. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka baba yako akachungulia. Nilikuwa nimeuliza swali la maana, Manka! Lile swali nililolimeza na ndizi, watu wenye akili zao walikuwa wamekesha nalo. Nikatamani kukimbia kumwambia mtu. Na mtu wa kwanza aliyenijia kichwani, Ruwa anisamehe, alikuwa Ndeshi. Nikasimama mlangoni, nikaliona isale, nikarudi kukoroga ndizi.

Kwa hiyo naelewa. Ulipokuja na habari kwamba umepata nafasi ya kwenda Namibia kusomea kwenye zile darubini mpya za vioo, ukaanza kutueleza polepole kama unawaeleza watoto, mimi nilikuwa najua unakofika kabla hujafika. Najua kwamba mwale wa gama haufiki chini. Unakuja safari yote hiyo, unagonga hewa juu kabisa, unavunjika, na vipande vyake vinavunja vingine, na katika kuvunjika kunatoka mwanga wa buluu, hafifu, ambao kufumba na kufumbua ni muda mrefu mno kwake. Huo ndio mnaounasa na vioo vyenu. Najua mnataka giza, mnataka anga kavu, na kwamba mbalamwezi ikitoka mnafunga kazi mnalala. Hata hapo nilikuonea wivu. Ng'ombe hana usiku wa kufunga kazi kwa sababu ya mbalamwezi.

Ndiyo, nimekuonea na wewe. Nimesema nitaandika yote. Ile siku ya habari, ulinikumbatia unaruka, nami nikakukumbatia, na mkono mmoja wa moyo wangu ulikuwa unakupongeza na wa pili unasema: kwa nini yeye, si mimi? Mama gani huyo? Anamwonea wivu mtoto aliyemnyonyesha! Nilidhani niko peke yangu duniani. Niliogopa hata kusali, nisije nikalisema.

Nisikilize basi, hapa ndipo ninapotaka kukuachia kitu. Huko uendako mtakuwa wengi, kutoka kila nchi, na kila mmoja ametoka kwao ameagwa kwa makofi. Ulituambia mwenyewe kwamba kwa darubini za namna hiyo, za ardhini, hakuna bado aliyewahi kunasa mlipuko hata mmoja. Mabaki ya nyota zilizolipuka zamani, hayo mnayaona, na mashimo meusi yanayotema miale, hayo mnayaona. Lakini mlipuko wenyewe unakuja bila hodi, setilaiti zinawapigia kelele, mnageuza vioo mbio, mnakuta umeshapita, au kuna wingu, au kumekucha. Usiku wa zamu yako litakuja wingu, na usiku wa mwenzako anga litatakata. Utamwonea wivu. Usijidanganye kwamba wewe umesoma. Damu hiyo ni yangu. Utamwona anacheka na watu, na donge litakukaba hapa.

Siku hiyo useme. Mfuate mwenzako umwambie usoni, "Nakuonea wivu mpaka naumwa," mcheke, mnywe chai. Neno likikutoka vibaya unaomba radhi jioni yake limekwisha. Usipande kitu. Wivu ukiupandia kitu ardhini kinaota mizizi, nawe ndiye utakayekimwagilia.

Sasa nikwambie ya leo mchana, ulipokuwa umeshuka Moshi mjini na binamu yako kufuata tiketi.

Nilichukua shoka na jembe. Isale siwezi kuling'oa, hata ningekuwa na kichaa nisingeling'oa. Lakini pembeni yake kuna ule mti wa kahawa wa bibi yako. Zamani ungeugusa ungeitwa kwenye baraza la kijiji, kahawa ilikuwa kahawa. Siku hizi bei yenyewe unaijua, watu wanaing'oa wanapanda nyanya na hakuna anayeuliza. Lakini ule ulikuwa wa bibi yako, aliupanda akiwa bibi harusi, na nilimwahidi kuutunza. Nikaanza kuukata. Baba yako akatoka mbio na bakuli la mtori mkononi: "Mama Manka! Mti wa mama yangu!" Nikamwambia, "Baba Manka, mama yako alikuwa anapita hapa kwenda kuomba moto kwa jirani. Nafungua njia yake." Akasimama akatafuna, akafikiri. Halafu akaweka bakuli chini akanipokea shoka. Mizizi ilikuwa imekwenda chini kweli, tumeing'oa kwa jasho.

Nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikapita.

Ndeshi alikuwa jikoni kwake anakuna nazi. Nazi! Nikajikaza kisabuni. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili, maneno yote niliyoyapanga miaka hiyo yakanikimbia. Aliliangalia jani, akaniangalia na magwanda yangu ya udongo, akasema, "Umechelewa, mwenzangu. Nilifikiri utapanda mpaka ufike barabarani." Akalipokea. Akaniita jina langu, Anasia, nami nikakaa kwenye kigoda chake nikalia tena, safari hii bila ng'ombe.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa analimwagilia. Akasema isale likifia mpakani ni mkosi kwa nyumba zote mbili, na Manka alikuwa mtoto wa nyumba zote mbili. Nikamwambia, "Ndeshi, usianze." Tukacheka mpaka nazi ikamwagika.

Halafu nikamwambia habari za mwanga wa buluu. Nilimwambia yote, na mwanga unaobaki, na kwamba miale haifiki chini. Alivua miwani. "Umesoma wapi?" Nikamwambia kwenye magazeti yako, na lile doa ni langu. Akaangalia moto. Akasema, "Anasia, nimefundisha fizikia tangu nywele nyeusi, na darubini sijawahi kushika. Jana walipokuwa wananipigia makofi, nilikuwa namwangalia yule mtoto nikisema moyoni, kwa nini yeye, si mimi?"

Manka, sijui kama unaweza kuelewa furaha niliyoipata. Tulikaa pale, wanawake wawili wazima, tukakuonea wivu pamoja. Tulikuonea wivu wa ndege, wa vioo, wa hilo giza lenu kavu lisilo na ukungu wa mlima, wa ujana wako na magoti yako yasiyouma. Tulikuchambua mpaka kiburu kikaiva. Nimekula kiburu cha nazi. Si kibaya. Usimwambie nimesema.

Sikusema jana, naandika leo. Nenda, mwanangu. Nimekubariki kwa mdomo wangu na kwa maziwa uliyonyonya, na wivu wangu haumo ndani ya baraka hizo, nimeutenga pembeni, nitabaki nao huku nyumbani unisindikize uzeeni. Ruwa akutangulie, akupe usiku wenye giza jema. Ukinasa mlipuko, sifa kwake. Usiponasa hata mmoja mpaka unarudi, hujashindwa. Utakuwa umekaa macho mahali ulipopaswa kukaa.

Kesho Mwalimu Ndeshi anakuja na sisi uwanja wa ndege. Nimempa kiti cha mbele kwenye gari la mjomba wako, kiti cha heshima. Nyuma tutakaa mimi na wewe.

Na habari ya simu. Mimi sina simu ya mkononi, Ndeshi anayo, na mtandao unashika ukisimama kwenye ngazi ya jikoni kwake, unajua mwenyewe. Siku ukiuona huo mwanga, hata kama ni saa za majogoo, usinihurumie wala usibadilishe neno ulilolisema mbele ya watu. Mpigie Ndeshi kwanza, ndiye atakayeelewa.

Njia iko wazi, nimeipima, ni hatua chache tu, nami usingizi wangu ni wa kuku. Simu ikilia atanigongea dirishani, tumeshapatana. Atapiga kelele "Anasia!", nami nitapita pale pembeni ya isale hata kama niko peku.

Yeye atawasha taa. Atakayeipokea simu ni mimi.

Mama yako mzazi,
Anasia